Gari Lililowaka Likiwa Baridi

Kila asubuhi ile pikapu nyeupe iliwaka, na kila ilipowaka kesi ya Privatus ilizidi kuwa nzito.

Ilikuwa imeegeshwa uani mwa kituo cha polisi Biharamulo, ubavuni mwa stoo ya vielelezo. Askari yeyote aliyetaka kujiridhisha alichukua ufunguo kaunta, akaenda kuuzungusha, injini ikaunguruma mara moja, kisha akaizima na kurudi akitikisa kichwa. Privatus aliusikia mngurumo huo akiwa mahabusu, nyuma ya ukuta uleule. Yeye alikuwa ameeleza kwamba gari lilimzimikia chini ya mlima, mbele ya Nyakahura, likakataa kabisa kuwaka, akamwacha mkewe Kwandu ndani yake na kurudi kwa miguu kutafuta fundi. Aliporejea mke hakuwepo. Sasa ilikuwa wiki ya pili na Kwandu hajaonekana, hai wala maiti.

Jalada alikabidhiwa Inspekta Deodata siku ya Jumatatu. Mkuu wa upelelezi wa wilaya hakutaka mambo mengi. Alimwambia kwamba mtu aliyedanganya kuhusu gari amedanganya kuhusu yote, akamtaka akamilishe maelezo ya mashahidi ili Jumatano jioni jalada liende kwa wakili wa serikali, shitaka la mauaji. Deodata alimwuliza ni nani aliyelipima gari. Mkuu alijibu kwamba gari linawaka, lipimwe nini tena?

Deodata hakubishana. Kabla ya kuhamishiwa upelelezi alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ukaguzi wa magari, akifungua injini za magari yaliyoua watu ili aseme kosa lilikuwa la chuma au la dereva. Kwake yeye, gari likiwaka asubuhi limejibu swali la asubuhi tu.

Aliyasoma maelezo akiwa amesimama kando ya pikapu. Konstebo Rogasian, wa kwanza kufika eneo la tukio, alisema kwamba kesho yake asubuhi alikuta ufunguo umo ndani, akauzungusha, gari likawaka hapohapo. Akalizima na kuagiza livutwe kwa kamba hadi kituoni ili lisivurugwe. Zaidi ya hapo kulikuwa na suala la mahali. Privatus alisema aliliacha gari darajani, chini ya mlima, lakini lilikutwa ng'ambo ya kilele, likiwa limeelekea Ngara. Na mama mmoja mchoma mahindi pale Nyakahura alikuwa amewasikia mume na mke wakigombana ndani ya gari. Neno alilolishika vizuri, na ambalo mkuu alilipigia mstari mwekundu, lilikuwa la Privatus: "Leo hufiki."

Walipomwuliza Privatus ugomvi ulihusu nini, alinyamaza. Alijibu kila swali jingine, ila hilo hapana.

Nyanda, kaka yake Kwandu, alikuwa kwenye benchi la nje ya kaunta. Familia yao ilihamia Biharamulo kutoka Shinyanga na ng'ombe wao, wakiwa wadogo, na tangu dada yake apotee alikuwa akishinda msituni na fimbo, akipekua vichaka vya kandokando ya barabara, kisha anakuja kituoni kuuliza kama kuna lolote. Miguu yake ilikuwa imechanwa na miiba. Alimweleza Deodata kwamba shemeji yake alifunga swichi ya siri chini ya dashibodi, kwa kuogopa wezi. Akitaka gari liwake linawaka, akitaka lizime linazima. Hivyo ndivyo alivyomhadaa Kwandu ashuke porini.

Lilikuwa neno zito. Deodata alivua koti, akalala chali kwenye sakafu ya pikapu na tochi mdomoni. Swichi aliiona kweli, nyeusi, imefichwa nyuma ya kasha la fyuzi. Akaifuata waya yake kwa vidole, sentimita kwa sentimita, ikapita chini ya zulia, ikapanda nguzo ya mlango, ikaishia juu ya paa, mahali palipokuwa pamefungwa taa za ziada zamani. Taa zenyewe hazikuwepo tena. Swichi haikuzima kitu chochote. Alimwita Nyanda, akamwonyesha mwisho wa waya. Nyanda aliutazama, kisha akarudi kwenye benchi lake.

Mchana huo Deodata alimchukua Rogasian wakalipeleka gari barabarani. Yeye aliendesha pikapu, Rogasian akamfuata na gari la polisi. Liliondoka vizuri. Walishuka bondeni, wakapanda, wakageuza, wakapanda tena, jua likiwa kali na injini ikizidi kupata moto. Katika mpando wa tatu au wa nne pikapu haikukohoa wala kukwama. Ilizimika tu, kama taa inayokatiwa umeme. Deodata aliiachia ijikokote hadi pembeni, akafungua boneti, akamwita Rogasian apige stata.

Injini ilizunguka kwa nguvu zote. Haikushika.

"Mshale wa mizunguko ya injini unafanya nini?" aliuliza Deodata kutoka mbele.

"Umelala, Afande."

"Hata kutikisika?"

"Umelala kabisa."

Rogasian, aliyekuwa na leseni lakini hajawahi kufungua boneti ila kuongeza maji, alitaka kujua mshale una nini. Deodata alimweleza akiwa anaendelea na kazi. Injini ikizungushwa na stata, hata isiposhika, mshale ule hupaswa kunyanyuka kidogo. Usiponyanyuka, maana yake kompyuta ya gari haina habari kama injini inazunguka. Habari hiyo huletwa na sensa ndogo iliyo chini, karibu na puli, inayousoma mhimili mkuu wa injini. Mafundi huiita sensa ya krenki. Nyingine iko juu, inasoma mhimili wa vali. Bila habari ya ile ya chini, kompyuta haijui wakati wa kutoa cheche, kwa hiyo haitoi.

Lakini hakuwa mtu wa kuhukumu kwa mshale peke yake. Alisikiliza pampu ya mafuta, ikalia inavyopaswa. Alichomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma cha injini, Rogasian akapiga stata. Hapakuwa na cheche hata moja. Akapima sensa ya juu kwa mita, ikasoma vizuri. Kisha akalala chini ya gari, akachomoa soketi ya ile ya chini, moto wa injini ukimpiga usoni, akagusisha ncha za mita. Mita haikusoma chochote. Ilikuwa kama amegusisha kwenye mti.

Kabla ya kuilaumu sensa alizipima waya zinazotoka kwenye soketi hadi kwenye kompyuta. Hilo ndilo lililomchukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu waya iliyokatwa ingekuwa na mkono wa mtu nyuma yake. Hapakuwa na alama ya kisu, wala ya meno ya panya, wala mkanda uliofunguliwa na kufungwa upya. Waya zilikuwa nzima na vumbi lake la miaka lilikuwa juu yake.

Wakakaa kivulini kungoja. Gari lilipopoa, Deodata alirudi chini bila kubadilisha kitu, akagusisha mita palepale. Safari hii ilisoma. Akarudisha soketi, akamwambia Rogasian azungushe ufunguo, na pikapu ikawaka kwa jaribio la kwanza, safi, kama ilivyowaka kila asubuhi uani.

Walirudia zoezi zima, gari likazimika tena mlimani. Wakafunga sensa nyingine waliyoinunua dukani mjini, wakapanda mlima uleule hadi Rogasian akachoka kuhesabu, gari halikuzimika. Deodata akaifungua hiyo mpya, akairudisha ile mbovu mahali pake, kwa sababu ilikuwa kielelezo.

"Kwa hiyo alisema kweli," alisema Rogasian.

"Kuhusu kuzimika, ndiyo. Ndani ya sensa kuna waya nyembamba iliyokatika. Ikipata moto inaachana, ikipoa inagusana." Deodata alifuta mikono kwenye kitambaa. "Sasa tuulize gari lililokufa darajani lilifikaje ng'ambo ya mlima."

Jumanne asubuhi walikwenda wenyewe. Njia ile ya kutoka Lusahunga kwenda Rusumo, zamani magari yaliipita kwa msafara na polisi mbele na nyuma kwa ajili ya majambazi, na hadi leo watu wa Biharamulo mtu akipotea huko huutaja tu msitu ule wa kandokando, wala hawaongezi neno. Nyakahura walimpakia Erasmus, yule mwenye bodaboda aliyempeleka Privatus kwenye gari jioni ya tukio. Alikuwa kijana mwenye familia, hakuwa na sababu ya kumpendelea mtu yeyote.

Erasmus alieleza njia nzima. Privatus alimkuta stendi akiwa ametota jasho, akitafuta fundi, na fundi hakupatikana, akaona arudi kwanza amwangalie mkewe. Alikuwa amenunua maji na mahindi ya kuchoma, akayashika kifuani njia nzima yasipoe. Walipofika darajani aliruka kabla pikipiki haijasimama. Gari halikuwepo. Alizunguka pale akionyesha barabara kwa mkono, akisema lilikuwa hapa, nililiacha hapa. Ndipo Erasmus akashauri wapande mbele, na baada ya kilele wakaliona limesimama pembeni, mlango wa dereva umefungwa, ufunguo umo ndani, magodoro aliyokuwa akiyapeleka Ngara mjini yamefungwa vilevile nyuma. Deodata alimwuliza kama Privatus alijaribu kuliwasha.

"Hakugusa ufunguo, Afande," alisema Erasmus. "Aliingia porini akaita jina. Aliita mpaka sauti ikamwisha, akawa anafungua mdomo tu. Mimi ndiye niliyemwambia twende polisi."

Deodata alishuka darajani, akaanza kutembea taratibu ukingoni. Matawi aliyaona mtaroni, yamekauka, majani yamegeuka rangi ya tumbaku. Yalikuwa yamekatwa kwa kisu na ncha zake zililingana, kama yale ambayo kila dereva huyapanga nyuma ya gari lake likiharibika, kuwaonya wanaokuja. Magari yaliyopita baadaye yalikuwa yameyasukumia pembeni. Mbele yake kidogo, juu ya lami, palikuwa na doa la oili lililokwisha kunywewa na vumbi. Pikapu ilikuwa ikivuja oili. Uani Biharamulo ilikuwa na doa la namna hiyo chini yake.

Wakapanda hadi ng'ambo. Pale lilipokutwa gari kulikuwa na doa dogo la oili, lakini matawi hayakuwepo, si barabarani wala mtaroni. Aliyelisimamisha pale hakuwa na mazoea ya dereva, au alikuwa na haraka.

Deodata alisimama akiutazama mpando waliotoka. Pikapu yenye magodoro hakuna awezaye kuisukuma juu ya mlima ule. Ilipanda kwa injini yake, na kwa hiyo ilikuwa imepoa, ikawaka, ikapanda, ikapata moto, ikafa tena. Majambazi wangechukua magodoro, au betri. Na wangekuwa wanakimbilia msituni, si kuendelea na safari ileile ya Ngara kwa lami.

Akamgeukia Rogasian, aliyekuwa mrefu kuliko wote kituoni.

"Siku ile ulipoingia kwenye gari kwa mara ya kwanza, ulikaaje?"

Rogasian alifikiri. "Nilibanwa, Afande. Magoti yaligusa usukani. Nikasukuma kiti nyuma."

"Na Privatus umemzidi urefu?"

"Tunalingana."

Jioni hiyo, kituoni, Deodata alimwuliza Nyanda kama dada yake anajua kuendesha gari. Nyanda alimtazama kana kwamba anadhihakiwa. Alisema Kwandu hajui hata baiskeli.

Privatus aliletwa kwenye chumba cha mahojiano asubuhi ya Jumatano. Askari wa zamu walikuwa wamekwisha kumzoea: kila mlango ulipofunguliwa aliuliza swali moja, kama kuna mwanamke aliyekuja kumwulizia. Aliuliza tena alipokaa, na Deodata akamjibu kwamba bado. Alikuwa amekonda. Mikononi alishika sweta la kike la rangi ya zambarau, alilolitoa kwenye gari siku ya tukio na kukataa kuliacha, na kwa kuwa halikuwa na damu wala mchaniko, wakamwachia.

Deodata hakufungua jalada.

"Nani alimfundisha Kwandu kuendesha?"

Privatus aliinua macho, kisha akayashusha. "Mimi. Jumapili, kwenye uwanja wa mpira. Hakutaka watu wajue mpaka apate leseni."

"Akiendesha, anasogeza kiti?"

"Mbele kabisa. Yeye ni mfupi."

Deodata alimweleza mambo yote kwa mpangilio wake: sensa inayokufa kwa moto na kufufuka kwa baridi, matawi ya darajani, doa la oili, kiti kilichombana Rogasian. Alieleza kwa sauti ya kawaida, bila kuharakisha. Alipofika kwenye kiti, mikono ya Privatus iliacha kulikunjakunja lile sweta.

"Aliliwasha mwenyewe," alisema.

"Akaendelea mbele. Hakurudi Nyakahura kukufuata, wala hakukungoja. Alikuwa na mahali anapotaka kufika." Deodata aliegemea meza. "Ulimwambia, 'Leo hufiki.' Hufiki wapi, Bwana Privatus?"

"Niliapa nisiseme."

"Ulimwapia nani?"

"Yeye. Kabla ya ndoa. Kwa ajili ya kaka yake na wazee wao."

"Jioni ya leo jalada linaondoka. Likifika huko hatutafuti tena mtu aliye hai, tunatafuta mwili. Naye kama yuko hai, mahali alipo unapajua wewe peke yako."

Nje mtu aliwasha pikipiki, ikaondoka, mlio wake ukapotea kuelekea sokoni.

"Bukiriro," alisema Privatus hatimaye. "Ana mtoto huko. Wa kike."

Mengine yalitoka polepole. Kwandu alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye nyumba ya wageni Ngara mjini, akazaa na kijana wa Bukiriro. Mama yake mzazi alipougua alirudi Biharamulo kumwuguza, akamwacha mtoto kwa bibi yake mzaa baba, akidhani ni kwa muda. Alipokwenda kumchukua alikuta yule kijana ameoa, na ukoo ukamwambia mtoto ni wao. Nyumbani kwao hakuwahi kusema. Lakini usiku alikuwa akiamka na kukaa kitandani, na Privatus aliyekuwa ameambiwa yote tangu mwanzo, alijua anamhesabia mtoto miaka. Aliahidi kumpeleka wakipata gari. Gari likapatikana. Kila safari ya Ngara ilipofika alipata sababu ya kutopinda njia.

"Niliogopa akimwona hatarudi kwangu," alisema. "Siku ile alisema leo lazima nifike. Nikamwambia leo hufiki. Ndiyo ugomvi wenyewe."

Akauliza kama inspekta ataondoka sasa hivi.

Bukiriro walifika jua likiwa limeanza kuegemea. Mkuu alikuwa amekubali kwa shingo upande, kwa sharti moja: hamfungulii mtu mlango wa mahabusu kwa maneno ya simu, anataka kumwona huyo mwanamke kwa macho yake kabla jalada halijaondoka. Mtendaji wa kijiji aliwaelekeza kwenye nyumba ya Bibi Febronia, katikati ya migomba, ua umefagiwa na maharage yameanikwa juu ya turubai. Mwanamke mfupi, mwenye kitenge kiunoni, alikuwa amekaa kwenye mkeka akishona pindo la sketi ya shule ya buluu. Aliposikia gari aliinua kichwa. Deodata alimjua kwa picha iliyokuwa kwenye jalada.

Alimsalimu Bibi Febronia kwanza, shikamoo, akaitikiwa, akajitambulisha. Kisha akakaa kwenye mkeka, akamwambia Kwandu kwamba mumewe yuko mahabusu Biharamulo, na kwamba anashukiwa kumwua.

"Kumwua nani?" aliuliza Kwandu.

"Wewe."

Sindano ilibaki imesimama kwenye kitambaa. Kwandu alieleza kwa sauti ndogo kwamba alikaa darajani akiwa na hasira na kulia, kisha akajaribu ufunguo bila kutegemea kitu, gari likawaka. Akawaza kwamba ataenda mara moja tu, amwone mtoto, arudi na gari kabla ya giza. Lilipozimika tena ng'ambo ya mlima alipita dereva wa lori, akampandisha. Simu yao ilikuwa moja, na Privatus aliondoka nayo kutafuta fundi. Tangu afike alikuwa akiazima simu ya jirani na kumpigia kila siku, haipatikani.

"Nilidhani ameizima kwa ajili yangu," alisema. "Nikasema basi, hanitaki tena."

Simu ya Privatus ilikuwa stoo ya vielelezo, ndani ya bahasha.

Bibi Febronia, aliyekuwa kimya mlangoni, aliingia kwenye mazungumzo bila kuulizwa. Mwanawe alikuwa amefariki, na mjukuu alikua akiambiwa kwamba mama yake naye alikufa, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa rahisi. Kwandu alipotokea alimruhusu akae kwa sharti kwamba asiseme lolote mpaka yeye mwenyewe apate maneno. Maneno hayajapatikana. Agness, ndilo jina la mtoto, yuko darasa la nne, anamwita mgeni huyu mama mdogo, na kila akitoka shule anamletea kitu cha kumshonea.

Deodata alisimama kando, akapiga simu kituoni. Alimwomba Rogasian apeleke simu mahabusu. Kulikuwa na milio ya makomeo, nyayo, mlango. Akampa Kwandu.

Kwandu aliishika kwa mikono miwili. Alisema "Privatus." Simu ilikuwa na sauti kubwa na wote uani walimsikia Privatus alipozungumza.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Anafanana na nani?"

"Na mama yangu. Hata anavyotembea." Kwandu alijifuta uso kwa mkono uliokuwa na uzi. "Hanijui. Ananiita mama mdogo. Na inspekta amesema twende sasa hivi, wanataka kuniona ili wakutoe."

Privatus aliuliza mtoto yuko wapi. Aliambiwa yuko shule, bado kidogo watoke.

"Basi mngoje atoke," alisema. "Umwambie wewe mwenyewe, usiondoke tena bila kumwambia. Mimi nipo tu hapa."

Kwandu alimtazama Deodata. Kutoka Bukiriro hadi Biharamulo ni mbali, na mkuu alikuwa amesema kabla ya jioni. Bibi Febronia alikuwa ameinama juu ya turubai, akisogeza maharage yaliyokuwa yamekwisha kuenea vizuri.

"Mwambie," alisema yule bibi bila kugeuka. "Mimi sitakuwepo, nitakuwa jikoni."

Deodata alichukua simu yake, akatoka hadi kwenye gari la polisi ambalo injini yake ilikuwa bado inaunguruma, akamwagiza dereva azime. Kisha akampigia mkuu wake kumjulisha kwamba mwanamke yuko hai, amemwona, amezungumza naye, na kwamba watachelewa. Mkuu aliuliza watachelewa kwa sababu gani. Huko chini, ng'ambo ya migomba, watoto walikuwa wameanza kutoka shule, mashati yao meupe yakipanda njiani moja moja, na Kwandu alikuwa amekwisha kusimama.

"Kuna shahidi mmoja bado hajafika," alijibu Deodata, akakata simu.